Gari Linakuja

Mara ya kwanza kumwona Mkufunzi wetu, nilimkimbia. Alikuwa amelala kando ya barabara, karibu na mashine ya kusaga ya Mama Kulwa, hapa Ibadakuli. Mguu mmoja umekunjwa chini ya mwingine, shati limelowa wekundu kutoka kwapani hadi kiunoni. Nilikuwa nimempakia abiria wa kwenda uwanja wa ndege. Nilipunguza mwendo, nikatazama, nikaongeza mwendo. Kilichonijia kichwani haikuwa huruma, ilikuwa polisi. Niliamini, kama tulivyoamini wote, kwamba atakayemgusa majeruhi kabla ya fomu ya polisi ndiye atakayeulizwa nani kamgonga.

Nilimshusha abiria nikarudi kijiweni, na huyo marehemu wangu nikamkuta amekaa kwenye benchi letu, anakunywa maji ya chupa. Nilisahau hata kuzima pikipiki. Wenzangu walikuwa wamesimama mbali naye. Alinitazama bila hasira yoyote, akasema, "Umeniona, umepunguza mwendo, umeondoka. Baada yako wamepita kumi na mmoja. Mngenizika kesho."

Damu ile ilikuwa juisi ya rozela aliyoitia unga wa muhogo ikawa nzito. Alijieleza kuwa ni dereva mstaafu wa gari la wagonjwa, na kwamba amekuja kutufundisha waendesha bodaboda namna ya kumhudumia mtu aliyeumia kabla hajafika hospitali. Alisema miaka yake yote kwenye usukani alikuwa akipokea watu waliokwisha kuharibiwa na wasamaria wema. Mimi, mwenyekiti wa kijiwe, nilitaka kumpiga. Badala yake nikawa wa kwanza kuandikisha jina.

Watu wa Shinyanga na Geita wanamfahamu kwa vituko vyake, na kila mmoja ana chake cha kusimulia. Mimi nina vyangu vingi, na nina kimoja ambacho sikumwambia mtu yeyote kwa miezi mitano. Nitasema kwanza alivyokuwa, kisha nitasema nilichomfanyia.

Kazi yake ilikuwa kulala. Sijui nieleze vipi zaidi. Alilala sokoni, alilala kwenye mtaro, alilala chini ya trekta bovu, alilala mlangoni mwa kanisa watu wakitoka ibadani. Hakukutangazia siku. Ukishaingia kwenye darasa lake, popote utakapomkuta amelala ni mtihani wako, hata kama una abiria, hata kama umevaa suti unakwenda kwenye harusi. Unasimamisha chombo, unatazama usalama wa mahali, unamwita, unatazama pumzi, unaziba damu, unamgeuza ubavu, unamfunika. Akikulegezea mkono ni ule mzito wa mtu asiyejitambua. Akikukoromea unaapa anakata roho. Mara nyingine hakupaka damu kabisa, akasema baadaye kwamba siku hiyo alikuwa anaumwa kwa ndani.

Na akiwa amelala, anahesabu. Hilo ndilo lililotuacha hoi. Macho amefumba, saa haioni, kisha akiinuka anakwambia umechukua dakika ngapi kwa kila hatua. Tulimjaribu kwa simu zetu kwa siri, na hakukosea zaidi ya dakika moja. Tulipomuuliza anafanyaje, alisema barabara ya Ushirombo enzi zile haikuwa na lami, na mgonjwa wa nyuma alikuwa na muda wake maalumu, kwa hiyo dereva alijifunza kuusikia muda bila kuutazama.

Alikuwa mkali kwa mambo tuliyoyaona ya kawaida. Kumbeba majeruhi, wawili wameshika mikono, wawili miguu, kichwa kinaning'inia: hilo lilimfanya atetemeke. Kumwagia maji aliyezimia. Kumnywesha maziwa mtu asiyejitambua, eti yanaondoa sumu. Zaidi ya yote alichukia mshikaki wa majeruhi, yule aliyevunjika anayewekwa katikati ya dereva na ndugu yake juu ya pikipiki, shingo inacheza kila shimo. Tulikuwa tumewabeba hivyo wangapi? Alituuliza swali hilo siku ya pili ya mafunzo, akasubiri. Mmoja wetu alitoka nje ya darasa na hakurudi hadi mchana. Mimi nilibaki, lakini nilikuwa nawaona mmoja mmoja, hasa mzee mmoja wa Didia niliyemfikisha hospitali nikijisifu kwa mwendo, na ambaye hakutembea tena. Ilinishtua kujua kwamba siku niliyojiona shujaa huenda ndiyo niliyomharibu mtu.

Nasikia kule Geita, kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, walitaka kumpiga kweli. Alikuwa akifundisha huko wiki hiyo, na mchimbaji mmoja akazidiwa na hewa chafu ndani ya duara, lile shimo lao refu la kushukia kwenye mwamba. Wenzake watatu wakafunga kamba viunoni washuke kumtoa. Mkufunzi akaenda akakaa kwenye mdomo wa lile shimo, miguu inaning'inia ndani, akashika magogo ya pande zote mbili, akasema hashuki mtu mpaka hewa isukumwe chini. Walimtukana kwa lugha zote. Kaka wa yule aliyekuwa chini alimpiga teke la mgongo, naye akashika magogo vilevile. Mashine ya hewa ilipopatikana na kuwashwa, walimtoa yule bwana akiwa ameshafariki.

Walionisimulia walisema aliokoa watatu. Yeye hakulisema hivyo hata siku moja. Nilipomuuliza, alisema kwamba yule kaka alimpigia simu baada ya mwaka kumshukuru, na kwamba angependa asingepigiwa.

Nkome, kwenye mwalo wa wavuvi, mambo yalikuwa mengine. Aliwafundisha akina mama wanaoanika dagaa, kwa sababu ndio wanaokuwa ufukweni mitumbwi ikirudi na mtu aliyezama. Kwa kubonyeza kifua alikuwa na gunia la pumba alilolivisha shati, na alisema mara mia kwamba kifua cha mtu mzima hakibonyezwi kwa majaribio. Kisha, kwa ile tabia yake, akaenda akajilaza majini. Mama mmoja mwenye mikono ya kuvuta nyavu akamburuta hadi mchangani, akampigia magoti, na kabla Mkufunzi hajawahi kusema yu hai, alishabonyezwa mara nne. Ubavu ukaachia. Alirudi Shinyanga amejishika upande, anatembea kama bibi harusi, na furaha aliyokuwa nayo sijawahi kuiona tena. Kila darasa jipya alilionyesha. "Huu ni ubavu wa Nkome," alisema. "Yule mama amefaulu."

Mtu huyohuyo hakuweza kutazama kuku akichinjwa. Mkewe alikuwa akimtuma dukani kwanza. Tulimcheka sana kwa hilo, naye alikubali kuchekwa.

Pia alikuwa na vidonge vya presha ambavyo hakuvimeza. Vilikuwa kwenye mfuko wa shati, pakiti imechakaa kwa jasho, vidonge vyote vimo. Alitupima sisi kila mwezi na kutufokea kwa chumvi na pombe, halafu ukimuuliza yeye je, anasema dereva hajipakii mwenyewe nyuma. Tulidhani ni mzaha wa kikazi. Nikiufikiria sasa, nashangaa watu arobaini tulifundishwa kutazama dalili za kila mtu, na hakuna aliyemtazama yeye.

Sasa nifike kwenye simu.

Katika hatua zake, mojawapo ilikuwa kuita gari la wagonjwa. Namba ya dereva wa kituo cha afya tulikuwa nayo wote, na dereva huyo alikuwa mwanafunzi wake. Ukimpigia hasemi haloo. Anauliza, "Mgonjwa yuko wapi?" kwa sababu Mkufunzi alimfundisha kwamba salamu inakula sekunde. Nawe unajibu mahali, idadi ya watu, hali yao. Lakini katika mazoezi hatukupiga kweli. Mwanzoni tulipiga, na siku moja gari likaja hadi sokoni kwa ajili ya Mkufunzi aliyejipaka rozela, wakati huohuo mama mjamzito wa kijiji cha pili alikuwa akilisubiri. Alijifungulia njiani. Mama na mtoto walipona, ila Mkufunzi hakula siku nzima. Kuanzia hapo akaweka utaratibu: kwenye mazoezi, anayeongoza anaweka kiganja sikioni, anasema kwa sauti, "Nimepiga, gari linakuja," na wenzake wanaendelea. Tulifanya hivyo miaka miwili. Kiganja sikioni, gari linakuja. Mikono yetu ililizoea jambo hilo kuliko tulivyolizoea kulifikiria.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, watu wanatoka sokoni. Nilimkuta amelala palepale nilipomkuta mara ya kwanza, mbele ya mashine ya Mama Kulwa. Nilitabasamu. Nilijiambia mzee kaamua kunirudisha mwanzo aone kama bado nitakimbia. Nikasimamisha pikipiki, nikawaita wenzangu watano wa kijiweni, na nikaongoza mimi.

Sijawahi kuongoza vizuri kama siku ile. Mmoja akazuia magari, mmoja akashika kichwa, mmoja akahesabu pumzi. Nikamwita, "Mkufunzi, unanisikia?" Akatoa sauti ya kukwaruza. Mdomo wake ulikuwa umevutwa upande mmoja na mate yanatoka, na mmoja wetu akasema kwa kuvutiwa kabisa kwamba leo mzee amezidi. Tukamgeuza ubavu ili mate yasimpalie. Nikaazima kitenge kwa mama aliyekuwa akipita, tukamfunika. Watu walikuwa wamejaa, na nilijua wananitazama. Nikaweka kiganja sikioni.

"Nimepiga," nikasema kwa sauti. "Gari linakuja."

Simu ilikuwa mfukoni mwa suruali yangu.

Tukasubiri ainuke atupe dakika zetu. Hakuinuka, nasi hatukushangaa, maana aliwahi kulala saa nzima kupima subira yetu, na aliyemsemesha siku ile alifeli. Tukabaki tumemzunguka kwa nidhamu. Tulimfuta mate. Tulihesabu pumzi na kuzitaja. Watu wengine waliondoka, wengine wakaja, na kila aliyekuja aliuliza kama gari limeitwa, na kila aliyeulizwa alisema mwenyekiti amepiga muda mrefu. Jua likapanda. Nilikuwa najisikia fahari, na hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote.

Mama Kulwa hakuwahi kuingia darasani. Alisema mambo ya kulala barabarani ni ya watu wasio na kazi. Alitoka mlangoni mwa mashine na unga hadi kwenye viwiko, akapita katikati yetu, akainama.

"Mwenyekiti," akasema. "Huyu mtu amejikojolea."

Nilitazama. Suruali ilikuwa imelowa. Mkufunzi, mtu wa kupiga pasi hata soksi, mtu aliyekuwa akiweka gazeti chini kabla ya kulala mtaroni, asingeweza kufanya hilo kwa mtihani wowote. Niliona mdomo wa Mama Kulwa ukicheza na sikusikia neno, kisha nikasikia akiuliza, "Na hilo gari mliloliita liko wapi?"

Hapo ndipo ningesema. Watu walikuwa hapo, ningesema sikupiga, nilidhani anatujaribu, na kila mmoja pale angenielewa kwa sababu kila mmoja alidhani hivyohivyo. Nilisema, "Linakuja, ngoja niwakumbushe." Nikaenda nyuma ya mashine, nikatoa simu, nikaidondosha, nikaiokota. Dereva alipokea mlio wa pili. Alifika ndani ya dakika kumi, matairi yanafuka vumbi.

Ilikuwa kiharusi. Daktari aliyempokea alituambia tulimweka vizuri, hakupaliwa, kichwa kilishikwa sawasawa, na kwamba hajawahi kuletewa mgonjwa wa barabarani akiwa katika hali nzuri namna ile. Kisha akauliza alianguka saa ngapi, na tulipomjibu, akaandika. Alisema ugonjwa huu kila dakika ina bei yake.

Mtaani hawakutafuta mbali. Gari lilichelewa. Watu zaidi ya arobaini walinisikia nikisema nimepiga, na gari likaja baada ya muda ule wote. Dereva alionyesha simu yake, kwamba alipigiwa mara moja tu na akatoka papo hapo. Wakasema amefuta ile ya kwanza. Kituoni akapewa barua ya kujieleza. Wake za watu wakawa wanamnyooshea kidole akipita na gari, yule aliyemwacha mwalimu wake jua limpige. Mimi nilikuwa nakaa kwenye benchi la kijiwe na kusikiliza. Siku moja alikuja kuniuliza, kwa upole kabisa, kama nina hakika nilipiga ile mara ya kwanza. Nilimwambia labda mtandao. Alinishukuru. Aliniambia wabeja, akanipa mkono, na mimi nikaupokea.

Nilikaa miezi mitano bila kwenda kumwona Mkufunzi. Nilituma matunda kwa mkewe. Nilituma watu. Mwisho mkewe akanipigia mwenyewe, akasema mzee ananitaka, na amesema nije na simu yenye chaji.

Nilimkuta ukumbini, kwenye kiti cha kuegemea, mkono wa kushoto umelazwa mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Nyuma ya mlango lilikuwepo lile gunia la pumba, bado limevaa shati. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na mdomo wake ulilivuta neno hilo taratibu hadi likaisha. Maneno yalimtoka mazito, lakini yalieleweka. Mkewe alituwekea chai, akaenda uani. Nilianza kusema habari za kijiwe, nani kanunua pikipiki mpya, nani kapata mtoto. Aliniacha niseme. Nilipoishiwa, aliinua mkono wa kulia, akafungua vidole vinne, akavifumba, akafungua kimoja.

"Dakika arobaini na moja," alisema.

Mtu yule alikuwa amelala pale, mwili umemkataa, ulimi umemkataa, na alikuwa akihesabu. Alinisikia nikimwita. Alinisikia nikisema gari linakuja. Na yeye, aliyejua barabara ile kipande kwa kipande na mwendo wa gari lile, alijua ilipofika dakika ya kumi na tano kwamba hakuna gari. Akabaki amelala katikati yetu tukimfuta mate, hana namna ya kutuambia.

Nilitaka kupiga magoti. Alitikisa kichwa, hakutaka hayo. Alinyoosha kidole kwenye mfuko wangu.

"Piga."

Sikuelewa. Akaonyesha simu yake ndogo juu ya stuli, karibu na mkono wake mzima. Nikatoa yangu, nikapiga. Ile ya kwake ikalia, akaiacha ilie mara mbili, akaichukua na kuiweka sikioni. Tulikuwa tumekaa hatua mbili mmoja na mwenzake, nimemtazama usoni, na sauti yake ikanifikia kwa masikio yote mawili.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Ibadakuli," nikasema. "Mbele ya mashine ya Mama Kulwa."

"Wangapi?"

"Mmoja. Mwanamume. Mtu mzima. Mdomo umekwenda upande, anapumua, anasikia." Machozi yalikuwa yananidondoka kwenye simu. "Ni Mkufunzi wetu."

"Gari lilichelewa kwa nini?"

Nje mkewe alikuwa akipepeta kitu kwenye ungo.

"Halikuchelewa," nikasema. "Halikuitwa. Niliweka kiganja sikioni."

Alishusha pumzi. Sijui kama ilikuwa ya hasira au ya mtu aliyetua mzigo, na sikuthubutu kumuuliza. Alisema utaratibu ule wa kiganja ulikuwa wake, ameufuta, na anataka niwaambie hivyo darasani mimi mwenyewe. Nilidhani tumemaliza. Nilikuwa nimeanza kushukuru.

"Bado unayo namba ya dereva?" akaniuliza.

Nikasema ninayo.

"Mpigie."

Kisha akakata simu, akaiweka juu ya stuli, akageuza uso dirishani. Nilitoka hadi uani. Mkewe aliniona nilivyo, akaweka ungo chini, akaingia ndani. Nikaitafuta namba, nikabonyeza, na safari hii nikaishika simu kwa mikono miwili.

Dereva alipokea mlio wa pili, akaniuliza mgonjwa yuko wapi.